Tabia mbaya

Kwenye ripoti ya mwanafunzi wa shule ya msingi, chini kabisa baada ya alama za masomo, kuna mistari miwili ya mwalimu wa darasa kuandika kuhusu tabia na mwenendo. Ukiwa na watoto 87, mkono huzoea kujiandikia wenyewe: mtiifu, msikivu, ajitahidi hesabu, mtoro kiasi. Juni 2011, kwenye ripoti ya binti mmoja wa darasa la tatu, niliandika: "Mchafu, msinziaji, tabia hairidhishi. Mzazi afuatilie." Nikagonga muhuri.

Ilikuwa shule moja ya mkoa wa Tanga, karibu na bahari, mahali ambapo Machi hata kuku hutembea kwa kufuata kivuli. Yule binti alikuwa anakuja na sweta. Alianza mwaka vizuri, ana mwandiko wa duara unaokaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Kufikia Aprili herufi zilikuwa zinaanguka. Akaanza kulala vipindi vya asubuhi, tena si ule usingizi wa mtoto aliyeshiba uji. Kichwa kilikuwa kinagonga dawati kama cha mlinzi aliyekesha lindo. Kisha wenzake wakaanza kumhama kwa sababu ya harufu ya mkojo. Mimi, kwa hekima yangu ya wakati ule, nikampa dawati la peke yake dirishani apate hewa.

Kwa kulala darasani nilimchapa viboko viwili. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi sikuwa na ruhusa ya maandishi wala sikuandika popote. Nani alikuwa anaandika?

Siku moja ya zamu yangu watoto walikuwa wameshaondoka, yeye akabaki anafagia darasa. Haikuwa zamu yake ya usafi. Nikamwambia aende nyumbani. Akaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia, halafu bila kunitazama akasema, "Mwalimu, baba mdogo ana tabia mbaya."

Nilikuwa nahesabu madaftari. Nikamjibu, "Wakubwa hawasemwi hivyo. Nenda, mama anakusubiri."

Akaliegemeza fagio ukutani, akachukua mkoba, akaenda.

Likizo ya Juni ilipokwisha, alikuja bibi yake kuchukua uhamisho. Mama mtu mzima, kajifunga khanga mbili, kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nikampa shikamoo, akaitika, akakaa. Nilipomuuliza kwa nini mtoto anahama katikati ya mwaka, aliangalia mlango kwanza. Akasema, "Mwanangu, mimi sijaja kugombana na mtu. Ila mtoto ananiambia alikwambia."

Yaliyofuata nilielezwa kwa sauti ya chini, na nitayafupisha. Familia ilikaa kikao. Baba mdogo alitozwa fedha. Mama wa mtoto aliambiwa akienda polisi ajue ameivunja nyumba. Baba mdogo akabaki na chumba chake, mtoto ndiye aliyefungashiwa nguo kupelekwa kwa bibi. Wenyewe waliita kuyamaliza kifamilia.

Miaka yote hii nimekuwa nalitafuna neno lile alilonipa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au aliyesoma hukumu za mahakama zetu, analijua. "Alinifanyia tabia mbaya." "Alinifanyia mchezo mbaya." Ndivyo watoto wa Tanzania wanavyosema, na wanasema hivyo kwa sababu hatukuwapa maneno mengine. Mtoto wangu mwenyewe akijikwaa alijua kusema goti, ugoko, kisigino. Kwingine kote palikuwa "huko", "nanii", "kidudu". Majina halisi tumeyaweka kwenye kapu la matusi, halafu tunashangaa mtoto mwenye adabu hatukani. Na "tabia mbaya" yenyewe tunaitumia kwa kila kitu: kupiga mluzi darasani, kula ubuyu wakati wa somo, kutosalimia. Kwa hiyo mtoto anapokuja na lile neno moja alilonalo, mkubwa anasikia malalamiko ya utoto. Mimi nilisikia umbeya. Tena kwenye ripoti nikamwandikia yeye ndiye mwenye tabia isiyoridhisha.

Mwaka huohuo yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Niliposoma nilichukua daftari la mahudhurio, nikapiga hesabu pembeni kwa penseli. Wasichana 45, wavulana 42. Wakifika miaka 18 bila kubadilika kitu, 13 na 6. Hesabu ile sikuwahi kuifuta.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa jambo hili, nikiokota kwa huyu na yule. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto ndiye aliyenifundisha kusoma ngozi. Watoto wa shule wamejaa makovu, alisema, usiwe unaruka kila ukiona kidonda. Magoti, ugoko, viwiko, paji la uso, hapo ndipo anapoangukia mtoto anayekimbia. Masikio, shingo, mgongo, tumbo, mapaja kwa ndani, hapo ni nadra mtoto kujiangukia. Waya uliokunjwa ukimpiga mtu huacha alama ya kitanzi. Maji ya moto yaliyomwagika hutiririka, jeraha likawa halina umbo. Mguu uliochovywa kwenye maji ya moto hutoka na mpaka ulionyooka. Hapo akaivuta soksi yangu juu, akapitisha kidole kwenye ukingo wake: "Hivi. Ukiona soksi ya kuungua, usikubali habari ya sufuria kupinduka." Na mtoto mchanga ambaye hata kutambaa hajaanza, akiwa amevilia damu mahali, kuna mtu anadaiwa maelezo.

Lakini sehemu kubwa haiko kwenye ngozi. Hata kwa ukatili wa kingono, watoto wengi wakipimwa hospitali hawakutwi na jeraha lolote, na daktari akiandika hakuona kitu haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Wapo wazazi waliofunga mjadala kwa karatasi hiyo. Na pia ziko nyumba zisizo na kipigo wala tabia mbaya, ila mtoto hali, hatibiwi, hakuna anayejua amelala wapi. Huyo naye anaonewa, ingawa hana kovu la kumwonyesha muuguzi wangu.

Mimi siku hizi ninachotafuta ni badiliko. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani miaka mitatu iliyopita anarudia. Mchangamfu ananyamaza, mpole anaanza kuwang'ata wenzake. Wa darasa la pili anajua mambo ya chumbani kwa undani ambao haupati kwa kuchungulia simu mara moja. Ana fedha au zawadi asizoweza kueleza. Unainua mkono kufuta ubao, yeye anajikinga. Hataki kengele ya kuondoka igongwe. Na kuna mmoja tunayempenda sana walimu, yule mtiifu kupita kiasi, anayekutazama usoni kabla ya kujibu ili ajue unataka jibu gani. Huyo nimejifunza kumwangalia mara mbili.

Kila moja ya hizo inaweza kuwa na sababu nyingine. Kukojoa kunaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, au mdogo wake kazaliwa, au wamefiwa. Nimewahi kumwita mama mmoja kwa wasiwasi mkubwa, kumbe mtoto alikuwa anakesha kwa sababu jirani wamefungua baa. Tulicheka, tukaandika barua ya malalamiko serikali ya mtaa. Aibu ya kuuliza bure niliimaliza siku hiyohiyo. Ile nyingine ninayo mpaka leo.

Septemba 2019 nilikuwa nimeshahamia Morogoro, nafundisha darasa la nne. Kulikuwa na mvulana ambaye mama yake alilipia bodaboda kwa mwezi, yeye na watoto wawili wa jirani. Mnajua wanavyopakiwa: wawili nyuma, mdogo kuliko wote mbele kwenye tangi, mikono ya dereva ikimzunguka. Yeye ndiye alikuwa mdogo. Ghafla akaanza kufika shule kwa miguu, amechelewa, vumbi mpaka magotini. Mwalimu wa zamu akawa anampigisha magoti getini na wachelewaji wengine.

Nilimwomba awe ananisaidia kumwagilia maua saa ya mapumziko. Ilikuwa hila. Nilishajua kwamba mtoto ukimkalisha kwenye kiti mbele ya meza na kumwambia "nieleze kinachokusumbua", unapata "hamna kitu, mwalimu". Mkiwa mnafanya kazi bega kwa bega, macho yote yakiwa kwenye maua, mdomo hulegea. Siku ya kwanza tuliongelea Simba na Yanga. Ya pili hakusema kitu. Ya tatu akauliza, "Mwalimu, mtu akikataa kupakiwa mbele ni kosa?"

Nikasema si kosa. "Nieleze kuhusu huko mbele."

Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Nilimwagilia ua moja mpaka likaelea.

"Anafanya tabia mbaya."

Safari hii neno nililitambua. Nikauliza, "Tabia mbaya ya namna gani?" Akaweka kopo chini, akanieleza. Aliyonieleza ni yake, siyaandiki hapa.

Nataka nikae kidogo kwenye dakika zile, maana ndizo nilizozikosa mwaka 2011. Mdomo wangu ulitaka kuuliza maswali matatu: una uhakika? kwa nini hukusema mapema? mama anajua? Yote matatu mtoto anayasikia kama mashtaka. Pia nilitaka kumuuliza, "Alikushika hapa? Alifanya hivi?" na hilo ni baya kwa namna yake, kwa sababu mtoto aliyelelewa kumkubalia mkubwa atasema ndiyo, na baadaye wakili atauliza maneno yale ni ya nani, ya mtoto au ya mwalimu. Nilisema vitu vichache tu. Nakuamini. Hujakosa chochote. Umefanya vizuri kuniambia. "Halafu ikawaje?" inatosha kuwa swali, na akichoka unaacha.

Akaniambia, "Usimwambie mtu." Nilitamani kumwahidi. Nikamwambia siwezi, kwa sababu ili jambo liishe lazima waambiwe watu wanaoweza kulimaliza, na kila nitakayemwambia nitamjulisha yeye kwanza. Alinikasirikia. Siku mbili hakunisemesha, na maua nikamwagilia peke yangu.

Alipoondoka pale niligeuza andalio la somo, nikaandika nyuma yake tarehe, saa, na maneno yake kama alivyoyatamka, "kupakiwa mbele" na yote, bila kuyanyoosha. Karatasi ile ilinisaidia kuliko kumbukumbu yangu nilipokwenda kutoa maelezo.

Ofisini mambo hayakuwa marahisi. Nilishauriwa tuanze na kamati ya shule, tusichafue jina, pengine dereva aitwe aonywe. Nikajibu kwa upole wa mtu aliyeshaamua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa; haimtaki kwanza athibitishe, wala haisemi jina la shule lina haki gani. Mchana huo nilikuwa kwa afisa ustawi wa jamii. Mtuhumiwa kuitwa na kuonywa ni kumpa usiku mzima wa kukimbia, au wa kumtisha mtoto.

Mama yake anauza vitumbua. Nilimkuta anaosha vikaango. Nilipomaliza kueleza alisema neno moja: "Wa kiume naye?" Halafu akasimama akitaka kwenda kijiweni na kaka zake. Sikumlaumu. Ila nilimwambia wakimpiga mtu yule akafa, mtoto ndiye atakayekua akijua kuna mtu amekufa kwa sababu alifungua mdomo. Akakaa. Akauliza afanye nini na kaptula ya jana, alikuwa ameshaitupia kwenye ndoo, bado kuiloweka tu. Nikamwambia isifuliwe, na mtoto asiogeshwe kwanza. Tukaitia kwenye mfuko wa khaki. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku Juni mwaka ule, kwa hiyo hatukuwa na mwingine, na kumbe karatasi ndiyo inayotakiwa: nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye plastiki huoza na ushahidi wake.

Tulikwenda kituoni, Dawati la Jinsia, tukaandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, kisha hospitali jioni ileile. Haraka ile ina sababu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Familia zinazokaa kikao Ijumaa na kingine Jumatatu zinazila saa hizo zikijadili heshima ya ukoo. Mahali penye kituo cha huduma za pamoja, kama vile vya Mkono kwa Mkono kule Zanzibar, polisi, daktari na ustawi wa jamii unawakuta chini ya paa moja, mtoto hasimulii mara tano. Sisi alisimulia mara tatu. Na kama hujui pa kuanzia, au mshukiwa ndiye huyo mwenyekiti wako wa mtaa, namba 116 haina malipo, Tanzania Bara na Visiwani, na Kenya pia ni hiyohiyo.

Kesi iliahirishwa mpaka nikaacha kuhesabu. Kila tarehe, mama alipoteza siku ya biashara. Katikati ya safari hizo alikuja ndugu wa mshtakiwa usiku na shilingi laki tano kwenye bahasha, akasema yaishe, sote ni wazazi. Mama aliniambia alizihesabu kwa macho tu, noti kwa noti, akafikiria mtaji na kodi ya nyumba, halafu akamrudishia. Watu wanaowacheka wazazi "wanaokula fedha za kesi" sijui kama wamewahi kuwekewa bahasha mezani wakiwa na deni la unga. Ndipo kesi nyingi zinapofia, mashahidi hawatokei, mshtakiwa anaachiwa. Zaidi ya kodi, kilichomshikilia mama yule ni kwamba mtoto alikuwa macho, anasikia.

Kesi za namna hii husikilizwa faragha, kwa hiyo niliketi nje kwenye benchi nikisubiri kuitwa. Mtoto asiyezidi miaka 14 si lazima aape, ila tangu marekebisho ya 2016 lazima kwanza aahidi mahakamani kusema ukweli na kutosema uongo. Wakati ule, ahadi hiyo isipoandikwa, rufaa iliweza kuja kuangusha kila kitu. Afisa ustawi alimweleza hivyo asubuhi ile, kwa lugha yake, na mvulana akawa anaifanyia mazoezi midomo ikitembea bila sauti. Alipotoka aliniuliza kama kantini ya mahakama wanauza soda ya chungwa. Mwaka uliofuata dereva alitiwa hatiani.

Mvulana sasa yuko sekondari. Shule yake iko mbali kuliko ile ya msingi, na bado anakwenda kwa miguu. Mama anasema wamejaribu, hapandi.

Yule binti wa dirishani sijawahi kumwona tena. Angekuwa na miaka 20 na kitu. Nimewahi kufika kijiji cha bibi yake, nikaambiwa bibi alishafariki, nyumba ina wapangaji.

Juzi Jumanne, mwalimu mmoja kijana, wa ajira mpya, tuliyefanya naye kazi muhula mmoja, alinipigia saa nne asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha stoo.

"Shikamoo mwalimu. Samahani. Kuna mtoto hapa kwangu, darasa la pili. Ameniambia shangazi yake ana tabia mbaya. Nikakumbuka ulivyokuwa unatuambia."

"Umemjibuje?"

"Bado sijamjibu. Nimemwambia namalizia kitu nakuja. Yuko nje anaokota karatasi."

Nikamwambia akate simu, akaokote naye.